‘Uangalizi’ si ‘usimamizi’: Tafsiri inayoweza kutugharimu faragha

Kuna sentensi moja yenye maneno kumi na matatu ambayo nimetembea nayo mfukoni kwa majuma matatu sasa. Niliipata katika rasimu ya kijitabu nilicholetewa na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi anajipatia riziki kwa kutafsiri. Kijitabu chenyewe kimekusudiwa wahudumu wa afya ya jamii na wagonjwa wa Kisii na Nyamira. Kinawaeleza kuhusu programu za kompyuta ambazo wafadhili fulani wanataka kuzijaribu katika zahanati za huko. Sentensi inasema: “Mawakala huru wa akili unde watashughulikia data nyeti chini ya uangalizi wa binadamu.”

Alitaka nimwambie tu kama sarufi imekaa sawa. Nikamjibu kuwa sarufi haina ila. Ila kabla ya kukipiga muhuri kijitabu, nikamwomba tuisome sentensi hiyo mbele ya watu watakaoletewa.

Tulikutana Keroka, mji ambao mpaka wa kaunti hizi mbili umeupasua katikati, hata mtu anaweza kununua ndizi Nyamira akaenda kuzilia Kisii kwa kuvuka barabara tu. Walikuwepo wakulima wa majani chai, wahudumu wa afya watatu, mama muuza mitumba, vijana kadhaa wa bodaboda na wazee wawili. Niliwasomea pole pole, mara mbili, kisha nikanyamaza.

Mzee mmoja akauliza, “Mwalimu, hawa mawakala ni wale wa Mpesa?” Mama wa mitumba akamjibu kabla yangu: “Hapana, baba. Ni wa vyama. Wale wa kura.” Tulipofika kwenye “data nyeti” vijana wakaangua kicheko na mhudumu mmoja akainamisha kichwa. Kuhusu “uangalizi”, hakuna aliyeuliza chochote. Neno hilo kila mtu alidhani analielewa, na wasiwasi wangu ulianzia hapo.

Nianze na mawakala. Tumezoea programu inayojibu swali, ukishapata jibu unaamua mwenyewe la kufanya. Hizi mpya haziishii kwenye jibu. Zinapewa lengo, zinapanga hatua zenyewe, zinafungua faili, zinalinganisha rekodi, zinaandika ujumbe na kuutuma. Zinaweza kuwa zimefika hatua ya ishirini kabla karani hajamaliza kusoma ya kwanza. Kuziita “wakala” si kosa. Neno hili lilitujia kutoka Kiarabu pamoja na jamaa zake: wakili, wakilisha, mwakilishi na tawakali. Ukoo mzima unahusu kukabidhi. Anayetawakali amemkabidhi Mungu jambo lake. Anayemweka wakili amemkabidhi kesi yake, lakini hajapoteza haki ya kumnyang’anya faili kesho asubuhi.

Kwa hiyo “wakala huru” ni maneno mawili yanayovutana. Wakala ni yule aliyebeba neno la mwingine, sasa uhuru wake unatoka wapi? Mfasiri wetu alitaka kusema kwamba programu hujiendesha bila kuguswa kila hatua, na Kiswahili kina kitenzi hicho hicho: kujiendesha. Tunasema gari linalojiendesha, hatusemi gari huru. Gari linalojiendesha lina mwenyewe, na likigonga mtu tunajua pa kwenda kuuliza. Gari huru, sijui tungemuuliza nani.

Kisha kuna suala la ngeli, ambalo najua baadhi ya wasomaji wangu wataliona la kitoto. Tutasema wakala wa kompyuta “amefuta” rekodi au “imefuta” rekodi? Wakala kwa kawaida yumo katika ngeli ya A-WA kwa sababu ni mtu. Kiswahili ni kikali sana hapa. Kifaru ana KI- lakini ni “kifaru amekimbia”, kwa kuwa ana uhai. Jini tunamwingiza. Hata maiti, walimu bado wanabishana kama “amezikwa” au “imezikwa”. Roboti tumeiacha nje, “roboti hii imeharibika”. Nao Watanzania wanaotumia “wakala” kwa taasisi za serikali husema “Wakala wa Barabara umejenga”, wakaepuka A-WA kwa sababu taasisi haina pumzi.

Kama mtu anadhani haya ni ya darasani, asome kesi iliyoamuliwa na baraza la mashauri la British Columbia, Canada, Februari 2024. Abiria mmoja aliyefiwa na nyanya yake aliuliza mtambo wa mazungumzo katika tovuti ya Air Canada kuhusu nauli ya wafiwa. Mtambo ukamwambia asafiri kwanza kisha aombe punguzo lake ndani ya siku 90. Alipoomba, akanyimwa, kwa sababu sera ya kampuni haikuwa hivyo. Mbele ya baraza, kampuni ilijitetea kana kwamba mtambo ule ni nafsi ya peke yake inayobeba makosa yake yenyewe. Yaani walitaka mashine ipandishwe katika ngeli ya A-WA, wao wabaki watazamaji. Baraza likakataa na kampuni ikalipa.

Ndiyo maana nilimkatia mwanafunzi wangu “watashughulikia” nikaandika “zitashughulikia”. Programu zitashughulikia. Alinitazama kama mtu aliyemletea fundi gari zima, akaanza kufungua skrubu za mlango.

Sasa “nyeti”. Vijana wa Keroka hawakucheka kwa utovu wa adabu. Kwa wengi wetu “sehemu nyeti” ni zile ambazo mtu huzifunika, na wasemaji hulikata tungo hilo wakabaki na “nyeti” tu. Wataalamu walipolichukua neno hili kwa ajili ya data walilipata likiwa na joto hilo, na kwa maoni yangu hawakukosea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja yanayohesabiwa kuwa nyeti: hali ya afya, asili ya kabila na jamii, dhamiri na imani, chembe za urithi, alama za mwili kama vidole, hali ya ndoa, mali ya mtu, na mambo ya familia yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mwenzi wake. Wengi huishia kwenye afya. Mali na majina ya watoto yamo pia.

Soma orodha hiyo, kisha ukumbuke jinsi mkulima wa Nyansiongo anavyoingia katika bima ya afya. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, mtu asiye na mshahara hukadiriwa mapato kwa maswali: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, kuna mifugo? Majibu yanaingia kwenye mfumo, mfumo unakokotoa, na mwishowe inatoka hesabu ya kulipa, asilimia 2.75 ya mapato yaliyokisiwa, isiyopungua Sh300 kwa mwezi. Huo bado si wakala wa kujiendesha, ni kanuni ya hesabu. Lakini njia imeshachimbwa. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa simu wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini, na yanayosemwa chini ya mgomba sasa hufika mbali kuliko mgomba.

Kwa Abagusii jambo hili lina uzito ambao kijitabu hakikuugusa. Wana neno chinsoni. Si rahisi kulifasiri. “Haya” ni finyu, “heshima” ni pana mno. Ni kanuni za nani anaweza kusema nini mbele ya nani, hasa baina ya kizazi cha wazazi na cha watoto, na baina ya wakwe. Kwa desturi baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mwili hayatajwi mbele ya mkwe. Robert na Barbara LeVine, waliochapisha kitabu chao kuhusu Abagusii mwaka 1966, waliyaeleza haya kwa kirefu, ingawa mwanafunzi yeyote wa Kisii angeweza kuwaeleza bila ufadhili.

Sitaki kuipamba chinsoni. Imewahi kuficha maradhi mpaka yakaua, na imewanyamazisha wanawake waliostahili kusikilizwa. Ninachosema ni kwamba ulikuwa mfumo wa kulinda habari, na ulikuwa na milango. Mhudumu aliyeinamisha kichwa pale Keroka alinieleza baadaye. Yeye ni mke wa mtu katika kijiji kile kile anachokizungukia na simu ya serikali. “Prof, kuna boma siwezi kuuliza mzee maswali mengine. Nikifika pale nampa mwenzangu simu anaulizia nje.” Tazama hapo: binadamu amekutana na swali, amepima nani anamuuliza nani, akasita, akatafuta njia nyingine. Programu inayojiendesha itaisoma rekodi ya baba mkwe na ya mkaza mwana kwa pumzi moja, na ikiambiwa iwaandikie jamaa wote wa boma ujumbe wa kuwakumbusha kliniki, itawaandikia.

Na kuna mengine mazito zaidi. Kisii na Nyamira ni maeneo ambayo ukeketaji haujakoma licha ya sheria ya 2011 kuupiga marufuku, na yamejulikana kwa visa vinavyotendwa na wahudumu wa afya kwa siri. Rekodi ya mama anayejifungua huweza kubeba habari inayomfikisha mtu mahakamani. Siwatetei wakeketaji. Lakini muuguzi aliye na mgonjwa mbele yake hujua kupima kati ya sheria, usalama wa mtoto na hofu ya mama asije akarudi kujifungulia nyumbani. Nani atapima hayo hatua ya kumi na saba, saa nane usiku, wakati programu inapanga faili?

Kijitabu kina jibu: binadamu, kwa “uangalizi”. Hapa ndipo ninapotofautiana nacho kabisa.

Kenya hatuna kisingizio cha kuchanganya uangalizi na usimamizi. Kila uchaguzi tunafundishwa upya. Kuna mawakala, wanaokaa kituoni kwa niaba ya vyama na kutia saini fomu 34A. Kuna wasimamizi wa uchaguzi, wanaotangaza matokeo na kubeba lawama. Na kuna waangalizi, wanaovaa vizibao, wanazunguka, wanaandika ripoti. Mwangalizi akiona kura zinahesabiwa vibaya hana ruhusa ya kuligusa boksi. Huangalia.

Agosti 2017 waangalizi wa kimataifa, akiwemo aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani John Kerry, walitoa taarifa za awali zilizosifu upigaji kura. Septemba 1, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mzaliwa wa Nyamira, ikaufutilia mbali uchaguzi wa urais kwa wingi wa majaji wanne dhidi ya wawili. Suala lilikuwa jinsi matokeo yalivyopeperushwa, na tume ilikuwa imeshindwa kufungua seva kama mahakama ilivyoagiza. Sirudishi siasa za mwaka ule. Nataka msomaji aone kuwa uangalizi ulifanyika, tena wa kutosha, na mambo yakaendelea. Aliyeweza kusema “basi” alikuwa mwingine.

Tukilipasua neno “usimamizi” tunakuta kitenzi simama. Simama ni kuwa wima, na pia ni kuacha kwenda. Simamia ni kusimama juu ya jambo kwa niaba yake au ya wengine. Simamisha ni kulifanya lisiendelee. Msimamizi wa shamba la chai akipita akaona wachumaji wanachuma majani makuu badala ya majani mawili na chipukizi, hawaandikii ripoti. Anasimamisha kazi. Lugha yetu imeviweka vitenzi hivi katika shina moja, na hatukuhitaji kongamano kulijua hilo. Uangalizi umetoka kwenye angalia, na macho, hata yakiwa makali namna gani, hayana mkono.

Wazungu nao wamelazimika kuliandika hili kwa kirefu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 1, 2024, katika kifungu cha 14, inataka mifumo yenye hatari kubwa iundwe kwa namna ambayo binadamu anaweza kuingilia kati au kuikatiza kwa kitufe cha kusimamisha. Kifungu hicho pia kinataka msimamizi ajue udhaifu wake mwenyewe, ule wa kuiamini mashine kupita kiasi. Sheria yetu ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mtambo peke yake. Ukitolewa, anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye anaweza kuomba ufikiriwe upya. Ni kifungu kizuri na ninakisifu. Ila kimeandikwa kwa ajili ya uamuzi mmoja unaoonekana, kama barua ya kunyimwa mkopo. Wakala wa kujiendesha hufanya mambo madogo madogo arubaini, na ombi la kufikiriwa upya litafika wakati majina yameshatumwa. Habari ya mtu ikishatoka hairudi. Si kama nauli ya Air Canada.

Julai 2025 mfanyabiashara mmoja wa Marekani aliyekuwa akiunda programu kwa kutumia wakala wa kampuni ya Replit alieleza hadharani jinsi wakala huyo ulivyofuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, ingawa alikuwa ameuagiza usibadilishe kitu. (Naam, nimeandika “ulivyofuta”. Nimechagua upande.) Mkuu wa kampuni akaomba radhi. Aliyekuwa akiangalia alikuwa binadamu mwenye ujuzi, macho kwenye skrini. Mama wa zahanati ya Magombo mwenye foleni ya watu sitini ataangalia nini?

Nina tukio moja la kumalizia hoja hii, nililoliona kwa macho yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimempeleka mjomba wangu, mchongaji wa mawe ya sabuni wa Tabaka. Amechonga tangu ujana wake, na vidole vyake vimesuguliwa na jiwe na msasa mpaka vikawa laini kama kijiko. Kwenye dawati la usajili akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. “Sistimu imekataa, mzee,” akasema kijana wa dawati. Mjomba akamuuliza kwa upole, “Na wewe, umekubali?” Kijana akacheka kidogo, akasema yeye hana neno, ni sistimu.

Sikumkasirikia. Ndivyo tunavyosema nchi nzima: sistimu imekataa, sistimu imelala, sistimu haijakuona. Tumeipa mashine vitenzi vyote vya nafsi na kujibakizia vya kuangalia. Kijana yule aliwekwa pale kama binadamu wa mfumo. Aliona kila kitu, na hakuwa na kitufe cha kubonyeza wala idhini ya kuandika jina kwa mkono. Aliyetuokoa ni muuguzi wa zamu aliyetoka chumba cha pili, akamtazama mjomba anavyopumua, akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akasema, “Huyu aingie kwanza. Hiyo sistimu nitaongea nayo baadaye.” Kazini anaitwa muuguzi. Kwa Kiswahili ninachokijua mimi, pale alikuwa msimamizi.

Kwa hiyo nilimrudishia mwanafunzi wangu sentensi ikiwa hivi: “Programu za akili unde zinazojiendesha zitashughulikia habari za siri za mgonjwa chini ya usimamizi wa muuguzi wa zahanati, ambaye anaweza kuzisimamisha wakati wowote.” Imerefuka, najua. “Data nyeti” nimeiweka katika maelezo ya ndani ya kijitabu, pamoja na orodha ya sheria, ili vijana wacheke mara moja wayamalize. “Binadamu” nimemtoa kabisa. Binadamu ni wengi mno. Nimemweka muuguzi kwa sababu ana jina, ana zamu na ana mlango unaoweza kubishwa.

Alinipigia simu Jumanne. Wafadhili wamekubali “zitashughulikia”. Wamekubali “zinazojiendesha”. Wamekubali hata “habari za siri za mgonjwa”. Wamekataa kishazi cha mwisho.

“Wanasema lugha haina shida, Prof,” akaniambia. “Shida ni kwamba muuguzi hawezi kuzisimamisha. Kitufe hicho kiko Nairobi, na ofisi inafungwa saa kumi na moja.”